Mwezi wa Mwandamo na Mwezi wa Kipande

Tarehe 27 Juni 1857 msafara wa wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke uliondoka Kaole, jirani na Bagamoyo, ukashika njia ya bara. Uliingia Kazeh, karibu na ilipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, na Burton akaandika kwamba hiyo ilikuwa siku ya 134 tangu waiache pwani. Siku 134 ni miezi mingapi? Kwa kalenda aliyoifuata Burton mwenyewe ni miezi 4 na siku 12, kwa kuwa safari ilipita Julai na Agosti, na kila mmoja una siku 31. Anayegawa kwa 30 atapata miezi 4 na siku 14. Mpagazi Mwislamu wa pwani, aliyehesabu kwa mwandamo, angepata miezi 4 na siku kama 16. Nahodha au mkulima aliyezoea hesabu ya Nairuzi asingetaja miezi hata kidogo. Angesema miongo 13, yaani makumi 13 ya siku, na siku 4. Siku ni zile zile, jua lilichomoza na kutua mara zile zile, na hakuna hata mmoja kati ya wanne hawa aliyekosea.

Tumezoea kudhani kwamba kugeuza siku kuwa miezi ni kazi ya kugawanya tu, na kwamba tofauti za majibu hutokana na uzembe au ujinga wa watu wa kale. Historia ya pwani yetu na ya mashamba makubwa ya Tanganyika na Kenya inaonyesha jambo jingine. Mwezi ni mapatano. Jua hutupa siku, nasi ndio tunaoamua zipi zikusanywe pamoja, zikatwe wapi na kwa kazi gani. Ikiwa ni mapatano, basi swali la kwanza la kuuliza juu ya mwezi wowote ni nani anaweza kuuhesabu, na swali la urefu wake hufuata baadaye. Mwezi wa haki ni ule ambao mdai na mdaiwa wote wawili wanaona unapoanza na unapokwisha. Mwezi ambao mwisho wake uko mkononi mwa upande mmoja ni chombo cha kumnyonya mwenzake, hata ukiwa na siku 30 kamili.

Tuanze na hesabu za kale. Watu wa pwani walikuwa na hesabu mbili zilizokwenda sambamba. Ya kwanza ni ya mwandamo: miezi kumi na miwili ya siku 29 au 30, mwaka wa siku 354 au 355. Baada ya Ramadhani huja Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, ndipo ifuate Rajabu, Shaabani na Ramadhani tena. Hii ilikuwa hesabu ya ibada, ndoa, eda na madeni. Lakini kwa kuwa mwaka wake ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku zipatazo 11, haimsaidii mkulima kujua masika yanakuja lini, wala nahodha kujua kaskazi itaanza kuvuma lini. Mfunguo Mosi wa mwaka huu unaweza kuwa wakati wa mvua, na baada ya miaka kumi na sita hivi ukaangukia kiangazi.

Kwa hiyo ikawapo hesabu ya pili, ya Nairuzi, iliyotoka Uajemi na kuenea katika bandari nyingi za Bahari ya Hindi. Mwaka wake una siku 365, na siku hizo huhesabiwa kwa makumi: miongo 36, jumla siku 360, kisha siku 5 za kufungia mwaka. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri kutoka Julfar katika Ghuba, alitumia siku za Nairuzi kutaja misimu ya kusafiri katika kitabu chake kikubwa cha ubaharia, alichokikamilisha karibu na mwaka 1490. Nahodha wa Omani, wa Lamu au wa Kilwa alihitaji kujua bahari hufungwa siku ya ngapi na hufunguliwa siku ya ngapi, na kwa kazi hiyo mwezi wa angani haukumfaa. Mabaki ya hesabu hii tunayaona hadi leo Makunduchi, Unguja, katika sherehe za Mwaka Kogwa, ambapo wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake huimba kuukaribisha mwaka mpya.

Wataalamu wa kalenda wataona kasoro ya Nairuzi mara moja. Mwaka wa siku 365 usio na siku ya nyongeza hukimbia mbele ya jua kwa siku moja kila miaka minne. Ndiyo maana katika karne ya 19 Siku ya Mwaka iliangukia Agosti, na siku hizi huangukia Julai. Lakini tuipime kasoro hiyo kwa kazi iliyokusudiwa. Katika miaka 40, ambayo ni umri wa kazi wa mkulima au baharia, Nairuzi husogea siku 10, yaani mwongo mmoja kamili. Mzee aliyefundishwa na babake kwamba mtama hupandwa mwongo fulani alihitaji kurekebisha hesabu yake kwa mwongo mmoja tu kabla hajamrithisha mwanawe. Katika miaka hiyo hiyo 40, miezi ya mwandamo huwa imezunguka misimu yote na kuvuka. Kwa mtu asiye na karatasi, kipimo cha makumi kinachoteleza polepole kilikuwa bora kuliko kipimo kamili kinachohitaji kanuni za miaka mirefu. Wala hakikuwa siri ya mtu mmoja: Siku ya Mwaka ilisherehekewa hadharani na mji mzima, na tangu siku hiyo kila aliyetaka aliweza kuhesabu makumi yake mwenyewe.

Uangalifu wa hesabu za kale unaonekana zaidi katika sheria ya eda. Mjane asiye na mimba hukaa miezi minne na siku kumi. Maneno ni machache, lakini mume hafi kwa kufuata kalenda. Tuseme amefariki tarehe 12 Rajabu. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, mjane atahesabu siku zilizobaki za Rajabu, kisha Shaabani, Ramadhani na Mfunguo Mosi kama zilivyoandama, kila mmoja na siku zake, ziwe 29 au 30. Halafu ataingia Mfunguo Pili na kuutimiza ule mwezi uliokatika hadi ufike siku 30, ndipo aongeze siku kumi. Jumla yaweza kuwa siku 127 au yaweza kufika 130, kutegemea mwandamo. Imamu Abu Hanifa alishika njia nyingine: mume akifa katikati ya mwezi, zihesabiwe siku 130 moja kwa moja. Mafakihi walijua fika kwamba mwezi mzima na siku 30 si kitu kimoja, wakaona ni wajibu wao kusema wazi ni wapi kimojawapo kinashika nafasi ya kingine. Na hesabu hiyo haikuachiwa ndugu wa marehemu peke yao. Mjane mwenyewe aliweza kuifuata usiku kwa usiku, na kama pana ubishi, kadhi aliuamua kwa kanuni inayojulikana.

Sasa tuje mashambani. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alipoleta miche ya mkonge katika miaka ya mwanzo ya 1890, na mashamba yakatapakaa Tanga na Usambara, Wajerumani walikabiliwa na tatizo la vibarua. Wenyeji walikuwa na mashamba yao na hawakuwa na sababu ya kufanya kazi mfululizo kwa mtu mwingine. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898 ili, pamoja na mengine, iwasukume kutafuta fedha. Kisha ikaja kadi ya kazi, ambayo watu waliiita kipande. Ilikuwa karatasi yenye nafasi 30. Kibarua akimaliza kazi yake ya siku, nafasi moja ilitiwa alama. Nafasi zote 30 zikijaa, alilipwa mshahara wa mwezi. Huko Wilhelmstal, Lushoto ya leo, utawala ulikwenda mbali zaidi mwaka 1907: kila mwanamume aliyehusika alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Waingereza walipoichukua Tanganyika mfumo wa kipande uliendelea, na Kenya nako kazi ya tiketi ilikuwa ya siku 30 za kazi kwa mtindo uo huo.

Hebu tufanye hesabu ya kipande kama karani alivyoifanya. Kazi ilikuwa ya siku sita kwa wiki. Aliyeanza Jumatatu, asiugue, asizuiwe na mvua wala msiba, angejaza nafasi ya 30 siku ya 34 ya kalenda, Jumamosi ya wiki ya tano. Aliyeweza siku nne kwa wiki angeufikisha mwezi wake katika wiki ya nane. Mwaka wenye wiki 52 za siku sita una siku 312 za kazi, nazo ni vipande kumi na siku 12 za ziada. Yaani hata kibarua ambaye hakukosa siku moja mwaka mzima aliishi miezi kumi na miwili na kulipwa kumi na kitu. Wakati huohuo kodi yake ilikwenda kwa mwaka wa kalenda, na mtoza kodi hakungoja vipande vijae. Mtu mmoja aliwekwa chini ya kalenda mbili: iliyo ndefu kwa malipo anayopewa, na iliyo fupi kwa malipo anayodaiwa.

Hata hivyo, urefu haukuwa ubaya mkubwa kuliko wote. Mapatano ya siku 30 za kazi yangeweza kuwa ya haki kama ujira ungelingana na siku hizo. Ubaya ulikuwa katika alama. Siku haikuhesabiwa kwa kuwa jua limetua. Ilihesabiwa iwapo nyapara ameridhika kwamba kazi iliyogawiwa imekwisha. Aliyekata mkonge tangu alfajiri akapungukiwa mizigo michache angeweza kurudi kambini bila alama, na siku hiyo ikawa kama haikuwapo. Na kwa kuwa malipo yalingoja nafasi ya 30, aliyefika nafasi ya 22 hakuweza kuondoka bila kuziacha siku 22 mikononi mwa mwajiri. Mwandamo huonekana na kila mwenye macho, na Siku ya Mwaka hushuhudiwa na mji. Kipande kiliishia kwenye kalamu ya karani.

Kenya ilionyesha jinsi kipimo cha namna hiyo kinavyovutwa. Sheria ya mwaka 1918 kuhusu Waafrika walioishi kwenye mashamba ya walowezi ilitaka kazi isiyopungua siku 180 kwa mwaka. Kwa sikio, siku 180 ni nusu ya mwaka. Kwa hesabu ya siku 26 za kazi katika mwezi, ni karibu miezi saba. Sheria ya 1937 ikaruhusu halmashauri za wilaya za walowezi kupandisha idadi hiyo hadi siku 270, na kwa hesabu ile ile hiyo ni zaidi ya miezi kumi. Familia haikuambiwa kwamba mwaka wake unachukuliwa. Iliambiwa namba ya siku, na namba ikaficha mwaka. Kipande cha uandikishaji cha Kenya, ambacho wanaume walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma na ambacho mwanasiasa Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921 na 1922, kilikuwa hati nyingine kwa kazi nyingine, lakini nacho kilibeba tarehe za kuajiriwa na kuachishwa zilizoandikwa na mkono wa mwajiri.

Watetezi wa kipande walikuwa na hoja, na inastahili kujibiwa. Walisema kadi ilimpa Mwafrika uhuru: aliweza kufanya kazi siku tatu, akaenda kupalilia shamba lake, akarudi. Ni kweli, na wakazi wa karibu na mashamba walikitumia kipande kwa njia hiyo. Wengine walikipenda kuliko mkataba wa muda mrefu. Lakini uhuru wa kupumzika ungewezekana pia kwa kulipwa kila wiki kwa siku zilizofanywa. Kilichomfaidi mwajiri ni kuushikilia ujira hadi mwisho, na hilo halikuwa sharti la uhuru wa kibarua. Aliyetoka mbali, manamba aliyeletwa kutoka mikoa ya bara, hakuwa na shamba la kwenda kupalilia. Kwake kila siku isiyo na alama iliongeza tu umbali wa kurudi kwao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Itasemwa kwamba pwani hii ya mwandamo na Nairuzi ndiyo iliyokuwa pwani ya utumwa, na kwamba mwezi wa hadharani haukumwokoa mtu yeyote shambani. Hilo halina ubishi. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba watumwa walifanya kazi siku tano kwa wiki kwa bwana, wakaachiwa Alhamisi na Ijumaa, hadi hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Kipimo cha wazi hakitoshi kuleta haki pale ambapo mtu mwenyewe anamilikiwa. Lakini hata hapo tuone kilichobaki: Alhamisi haikuhitaji kuthibitishwa na nyapara. Ilikuja yenyewe, ikajulikana na wote, na bwana aliyeichukua alionekana anaichukua. Dhuluma iliyo wazi bado ni dhuluma, ila inayofichwa ndani ya hesabu ni ngumu zaidi kuishtaki.

Wengine watasema mwandamo wenyewe una ubishi, kwani kila mwaka watu hugawanyika kuhusu siku ya Idi, hawa wakifuata mwezi ulioonekana nchini na wale ulioonekana popote. Ubishi huo upo, lakini hauzidi siku moja au mbili, na hufanyika mbele ya watu wote, kila upande ukitoa ushahidi wake. Na anayedhani kwamba sheria za Ulaya ndizo zilizoleta usahihi akumbuke kwamba Uingereza yenyewe kwa karne nyingi mwezi katika sheria ulikuwa wa siku 28. Bunge lilibadili hilo kwa sheria zake mwaka 1850, na kwa mikataba ya watu mabadiliko yalingoja hadi sheria ya 1925, ingawa katika hati za biashara mwezi wa kalenda ulikuwa umekwishazoeleka. Mpangaji na mwenye nyumba wa London, sawa na mjane wa Mombasa, walihitaji kanuni ya kuwaambia mwezi gani unasemwa.

Leo sheria za Kenya na Tanzania zinasema mwezi ni mwezi wa kalenda, na kipande kimekwisha. Swali lake halijaisha. Mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 390,000 aliyeacha kazi katikati ya mwezi baada ya siku 13 za kazi atalipwa ngapi? Mhasibu akigawa kwa 30, siku moja ni shilingi 13,000 na malipo ni 169,000. Akigawa kwa 26, siku ni shilingi 15,000 na malipo ni 195,000. Tofauti ni shilingi 26,000, nayo inatokana na kosa moja: kugawa kwa siku zote za mwezi, Jumapili zikiwemo, kisha kuzidisha kwa siku za kazi peke yake. Atumiaye 30 azihesabu na Jumapili. Atumiaye 26 azihesabu siku za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka jedwali linalozidisha ujira wa wiki kwa 4.333 ili kupata wa mwezi, na namba hiyo ni wiki 52 zilizogawanywa kwa 12. Ukiizidisha kwa siku sita unarudi kwenye 26. Sheria hiyohiyo iliitaja likizo ya uzazi kwa siku, 84, wakati sheria ya Kenya ya 2007 iliitaja kwa miezi mitatu, ambayo ni siku 89 ikianza tarehe 1 Februari katika mwaka wa kawaida, na 92 ikianza tarehe 1 Julai.

Hakuna kati ya vipimo hivi kinachopaswa kufutwa ili kimoja kitawale vyote. Nahodha alikuwa na haki ya miongo yake, mjane ya mwandamo wake, na mwenye mshahara ana haki ya kalenda. Kinachopaswa kukataliwa ni mwezi usiotajwa aina yake. Kila mkataba wa kazi, wa kodi ya nyumba au wa mkopo unaosema mwezi useme pia unaanza siku gani, unahesabu siku zipi na unakwisha lini hata kama mwenye ofisi hayupo. Kibarua wa Tanga alijua kuhesabu hadi 30 vizuri kabisa. Alichonyimwa ni neno lake katika kuamua siku ipi ihesabiwe, na hilo halipatikani kwa kumfundisha mtu kugawanya. Linapatikana kwa kuandika kanuni mahali ambapo wote wawili wanaisoma kabla kazi haijaanza.